Kubadilisha kurone na pinyo za Hilux iliyovishwa tairi kubwa

Hilux ya dizeli isiyo na turbo ikivishwa tairi kubwa, mpando wa kutoka Sake, karibu na Goma mashariki mwa Kongo, kwenda Masisi unaionyesha haraka: gia ya 5 haina kazi, ya 4 inaomba ya 3, na klachi inaanza kunuka. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 14 kuliko ya pwani, kwa hiyo injini imekwisha kupungukiwa nguvu kabla hujagusa tairi. Dawa yake ni kubadilisha kurone (gia kubwa ya mviringo ndani ya difu, katikati ya ekseli) na pinyo (gia ndogo inayoizungusha) kwenye ponti (ekseli) zote mbili. Maelezo haya ni ya Hilux za zamani zenye ponti ngumu mbele na nyuma, kurone ya inchi 8. Kama mbele magurudumu yana saspensheni huru, difu ya mbele ni ya aina nyingine na vipuri vyake havifanani na vya nyuma.

1. Piga hesabu kabla ya kununua

Gawa kipenyo cha tairi mpya kwa cha tairi ya zamani, kisha zidisha kwa uwiano ulionao (meno ya kurone yakigawanywa kwa ya pinyo). Tairi ya 205R16 ina karibu mm 742, ya 285/75R16 ina mm 834. 834 ÷ 742 = 1.124. Kama ponti ni 4.10, unapata 4.61. Kurone za Toyota zinazopatikana ni 4.10 (meno 41 kwa 10), 4.30 (43 kwa 10), 4.56 (41 kwa 9), 4.88 (39 kwa 8) na 5.29 (37 kwa 7). Hapo 4.56 inakurudishia gari lako karibu kama lilivyokuwa, na mita ya mwendo nayo inarudi kwenye ukweli: ikisoma 80 unaenda 81, wakati bila kubadilisha ungekuwa unaenda 90. Gari linaloshusha viazi na makaa kutoka milimani kila wiki lipewe 4.88, injini itazunguka karibu asilimia 6 zaidi ya zamani, na kwa mzigo huo inafaa.

2. Hakikisha uwiano ulio ndani

Usiamini kibao cha gari wala maneno ya muuzaji wa difu iliyotumika. Weka gia huru, 4x4 izimwe, zuia magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja tu la nyuma. Lizungushe mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu). Mizunguko 41 ni 4.10, 43 ni 4.30, kati ya 45 na 46 ni 4.56. Njia hii ni ya difu ya kawaida, isiyo na loki ya kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja.

3. Vipuri kwa kila ponti

Kurone na pinyo za seti moja, zenye namba inayolingana. Hizi zimesagwa pamoja kiwandani. Ukichanganya pinyo ya huku na kurone ya kule, hakuna shimu (pete nyembamba ya kurekebishia nafasi) itakayozinyamazisha. Ongeza rulema (beringi) mpya za pinyo na za pembeni, bomba jipya la kubonyea (linalokaa kati ya rulema mbili za pinyo), nati mpya ya pinyo, sili, gaskiti, shimu za unene tofauti, na oili ya GL-5 80W-90.

4. Kutoa difu

Mwaga oili, tenga bomba za breki, fungua nati 4 nyuma ya sahani ya breki kila upande na uvute saidi shafti (shafti ya kila gurudumu). Toa propela, kisha difu itoke nzima. Ina zaidi ya kilo 30, tafuta msaidizi. Mbele kazi ni ndefu, kwa sababu lazima ufungue vichwa vya usukani ili shafti zitoke.

Piga alama vifuniko vya rulema, kushoto na kulia, havibadilishani. Tandika turubai safi. Vumbi la mawe ya volkano ni kali, na punje moja chini ya rulema inaharibu vipimo vyote.

5. Kurone

Usiivute kwa bolti, itakaa upande. Ichemshe kwenye sufuria ya maji kama dakika 10. Hapa maji huchemka karibu nyuzi 95, zinatosha. Ikaushe upesi, iweke juu ya kasha lake (linaloishikilia ndani ya difu), itashuka yenyewe. Ikipoa, kaza bolti kwa msalaba mpaka Nm 97.

6. Kina cha pinyo

Anza na shimu ya zamani, bila bomba la kubonyea. Rudisha kurone, weka mwanya wa meno kati ya mm 0.13 na 0.18 kwa saa ya kupimia, ukikagua sehemu kadhaa za mzunguko. Ukilegeza nati ya marekebisho ya rulema ya pembeni upande mmoja, kaza ya pili kiasi kilekile.

Paka meno matatu au manne rangi ya kukagulia, zungusha huku na huku ukiizuia kurone kidogo kwa kipande cha mbao. Alama ikae katikati ya kimo cha jino. Ikikaa juu kwenye ncha, pinyo iko mbali: weka shimu nene zaidi. Ikizama kwenye mzizi wa jino, punguza shimu. Kila ukibadilisha shimu, pima mwanya upya kabla ya kusoma alama. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kutoa rulema mara ya tatu kunachosha na fundi anaikubali alama mbaya. Difu hiyo italia ukikanyaga mafuta, na huo mlio hauishi kwa kuongeza oili.

7. Mkazo wa pinyo

Sasa weka bomba la kubonyea. Kaza nati kidogo kidogo. Zungushia kamba kwenye flanji na uivute kwa mizani ya ndoano: kwa rulema mpya mkazo ni kgf·cm 19 hadi 26, yaani kwenye nusu kipenyo cha sm 5 mizani isome kilo 3.8 hadi 5.2 wakati flanji inazunguka, si wakati wa kuanza. Ukipitiliza, usilegeze nati. Bomba likishabonyea halirudi, weka jingine. Ukilegeza tu, pinyo itacheza na kula meno ikiwa na mzigo.

8. Kurudisha na kulainisha

Vifuniko vya rulema Nm 78, pima mwanya mara ya mwisho, rudisha difu, toa hewa kwenye breki. Jaza oili mpaka ifike ukingo wa tundu.

Tembea dakika 20 polepole bila mzigo, kisha acha ipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu. Usibebe mzigo mzito wala kuvuta gari jingine kwa km 800, halafu mwaga oili yote, itakuwa na unga wa chuma. Na kama umemaliza nyuma tu, 4x4 isiguswe hata kwenye tope: uwiano ukitofautiana, propela mbili zinapigana mpaka kasha la kugawa nguvu lipasuke.