Ng'ombe Aliyemeza Msumari: Tumbo Linavyofika Moyoni

Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Mahali pake pana ufizi mgumu tu, na kazi ya kukusanya chakula hufanywa na ulimi: huzoa fungu la majani, hulizungusha, hulivuta ndani. Humeza haraka haraka, kutafuna kwenyewe ni baadaye atakapolala kucheua. Mbuzi ana midomo myepesi, anachambua jani moja moja. Ng'ombe hachambui. Kipande cha waya kikiwamo ndani ya fungu, kinakwenda na fungu.

Tumbo lake lina vyumba vinne. Kikubwa ni rumeni, kinachojaza karibu upande wote wa kushoto, na kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa hubeba zaidi ya lita 100. Vitu vizito havikai humo muda mrefu. Husukumwa mbele hadi kwenye chumba kidogo kiitwacho retikulamu, ambacho ukuta wake wa ndani una vijumba kama sega la asali. Siku ukiwa machinjioni, mwombe mchinjaji akipasue mbele yako, uangalie chini kabisa: mchanga, kokoto, misumari iliyopinda, vipande vya waya wa kufungia nondo. Wako ng'ombe wanaoishi na vyuma hivyo miaka na miaka bila kuumwa. Balaa ni kile kipande chembamba, chenye ncha, kilichosimama vibaya.

Retikulamu hujikaza kwa nguvu mara kwa mara, na mbele yake kuna kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Ng'ambo ya kiwambo, sentimita chache tu, upo moyo. Kila mkazo unausukuma msumari mbele kidogo. Mimba kubwa nayo hubana matumbo kuelekea mbele, na ndiyo maana matatizo mengi hujitokeza karibu na kuzaa au mara baada ya kuzaa, wakati mfugaji anafikiria homa ya maziwa.

Dalili ya kwanza utaiona kwenye ndoo. Maziwa hushuka ghafla, mara nyingi kati ya mkamuo mmoja na unaofuata, si polepole. Ng'ombe anaacha kucheua, anakunja mgongo, viwiko vya miguu ya mbele vimetanuliwa nje kama anayekwepa kujigusa kifua. Akitembezwa kwenye mteremko anasita, maana matumbo yanasogea mbele. Kupanda kilima hana taabu sana. Kulala ni kazi, na akilala au akijisaidia unamsikia akiguna. Joto la mwili hupanda kidogo, si kama la ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Hapo ndipo wengi hukosea. Anachomwa sindano ya oksitetrasaiklini kwa kudhaniwa ana ndigana, anapata nafuu kidogo kwa sababu dawa imetuliza usaha, kisha wiki inayofuata anarudi palepale. Anachomwa tena. Ng'ombe aliyepona nusu mara mbili kwa dawa ileile, mimi humtilia shaka ya chuma kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna vipimo viwili ambavyo mfugaji anaweza kuvifanya zizini. Bana kwa mikono miwili ngozi ya mgongo nyuma kidogo ya nundu au mabega: ng'ombe mzima huuinamisha mgongo chini kukwepa, mwenye msumari hukataa, hukakamaa na huenda akaguna. Cha pili kinataka watu watatu. Wawili wapitishe mti laini chini ya kifua, nyuma ya viwiko, wauinue taratibu kisha waushushe ghafla. Wa tatu aweke sikio karibu na koo. Mguno ukisikika kila mara, piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usipousikia usijipe moyo sana; maumivu hupungua baada ya siku chache ingawa chuma bado kipo.

Kabla daktari hajafika, mfunge mahali ambapo miguu ya mbele imeinuka kuliko ya nyuma, kwa mbao au udongo ulioshindiliwa, na usimtembeze. Mafuta ya kula, magadi na maji ya sabuni wekeni pembeni. Havina la kufanya na msumari. Daktari anaweza kumpa sumaku na antibiotiki, au akampasua ubavu wa kushoto akaingiza mkono na kuutoa msumari. Upasuaji huo hufanyika ng'ombe akiwa amesimama, kwa ganzi, na ukiwahi huwa una matokeo mazuri. Ukiona kidari kimevimba maji na mshipa wa shingo umetuna hata kichwa kikiwa kimeinuliwa, usaha umekwishafika kwenye mfuko wa moyo. Hapo mara nyingi gharama haina faida tena. Ukiamua kumchinja, zungumza na mkaguzi wa nyama, na kama ng'ombe alishachomwa sindano, muda wa kusubiri dawa itoke mwilini uheshimiwe.

Sumaku ya kumezesha ni kipande laini cha urefu wa kidole, hupewa mtamba akishafika mwaka mmoja, na kwa kawaida hukaa kwenye retikulamu maisha yake yote ikiwa imeyashika misumari pamoja. Ukitaka kujua kama ng'ombe uliyenunua anayo, sogeza dira chini ya kifua chake, nyuma ya kiwiko cha kushoto, mshale utacheza. Sumaku ya spika ya redio msimmezeshe, inapasuka na ina kingo. Lakini ifunge kwenye fimbo uichovye ndani ya gunia la pumba au mashudu, utashangaa.

Majani ya kukata kando ya barabara na karibu na nyumba zinazojengwa ndiyo yenye vyuma zaidi. Tairi kuukuu lina nyuzi za chuma: likichomwa au likikatwakatwa kuwa kihori, nyuzi hizo hubaki chini. Mashine ya kukata majani huugeuza waya mrefu usio na madhara makubwa kuwa vipande vifupi vyenye ncha mbili, kwa hiyo uchambuzi ufanyike kabla ya kukata, siyo baada. Fundi akimaliza kutengeneza banda, mlipe baada ya kuokota misumari yake.

Plastiki ni kesi tofauti. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019, ila mabaki bado yapo majalalani, na sumaku haiyakamati. Hubaki kwenye rumeni, hujisokota na kamba kuwa bonge. Mnyama anavimba tumbo, anapungua, anavimba tena, huku anakula. Mbuzi, pamoja na uchaguzi wake wote, huyala pia. Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha plastiki, na anayekuuzia ya namna hiyo anakuuzia maji. Njia ni kupasua.