Kusoma neno "ufalme" kwenye Injili

Ukikuta "ufalme", usikimbilie kuwaza nchi na mipaka. Jiulize: hapa ni eneo, au ni mamlaka ya kutawala?

Darasa langu la jioni huwa naanza nalo Luka 19:12. Kabaila anasafiri nchi ya mbali ajipatie ufalme, kisha arudi. Hakufuata ardhi huko. Alifuata idhini ya kutawala kwao, kama Arkelao, mwana wa mfalme Herode, alivyokwenda Roma baba yake alipofariki, mwaka wa 4 KK. Wasikilizaji wa Yesu walizijua safari hizo.

"Wa mbinguni" au "wa Mungu"? Linganisha Mathayo 4:17 na Marko 1:15: ujumbe ni uleule wa Yesu, majina mawili ya ufalme mmoja.

Luka 17:21 nenda polepole. Yesu anasema ufalme wa Mungu umo wapi: wengine husoma "ndani yenu", wengine "kati yenu". Mimi nashika la pili: waliokuwa wakijibiwa ni Mafarisayo, wapinzani wake, na ni vigumu kuwaza akiwaambia hao kwamba ufalme umo ndani yao.