Somo: Kujichapishia Kitabu na Kujenga Wasomaji Mtandaoni

Ndugu wanachama,

Swali hili limekuwa likinifikia kwa sura mbalimbali: mtu amemaliza muswada, hana mchapishaji, na anataka kujua kama anaweza kuutoa mwenyewe. Anaweza. Lakini aelewe mapema kwamba anayejichapishia hajaikwepa kazi ya mchapishaji, bali ameibeba yote: uhariri, jalada, upangaji wa kurasa, bei, mauzo na hesabu. Nitakaa zaidi pale ambapo nimeona wengi wakikwama.

Hatua ya kwanza: uhariri

Ukimaliza kuandika, uweke muswada kando kwa wiki nne bila kuugusa, kisha uusome wote kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi itamkata pumzi na msomaji. Baada ya hapo wape watu watatu wanaopenda aina hiyo ya vitabu, na usiwaulize kama wamekipenda, kwa maana watakujibu kwa adabu. Waulize ni ukurasa gani walikiweka chini wakaenda kufanya jambo jingine. Wawili wakitaja mahali pamoja, hapo pana kasoro, hata kama wewe unapapenda.

Kisha tafuta mhariri wa kulipwa. Mpe kwanza kurasa kumi, uone anavyofanya kazi, ndipo mkubaliane juu ya kitabu kizima. Kitabu changu cha kwanza nilikitoa bila mhariri, nikiamini kwamba kukisoma mara saba kulitosha. Mhusika aliyeitwa Salima hadi sura ya tisa akawa Salma kuanzia sura ya kumi, na msomaji mmoja akaniandikia kwa upole kuuliza huyu Salma ni nani na ameingia lini katika hadithi. Jicho la mwandishi husoma kile anachokikumbuka, si kile kilichoandikwa. Tangu siku hiyo kila muswada wangu una karatasi yake ya majina, umri, tarehe na tahajia, na mhariri huipokea pamoja na muswada.

Hatua ya pili: jalada na faili

Msomaji wa mtandaoni hukutana na jalada lako kwenye simu, likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Lipunguze hadi kimo hicho kabla ya kumlipa msanii. Ikiwa jina la kitabu halisomeki, lirudishe. Kwa kitabu cha kielektroniki, Amazon hupendekeza jalada la pikseli 2,560 kwa 1,600. Maandishi yenyewe yaandae katika mfumo wa EPUB, unaokubaliwa na maduka mengi.

Hatua ya tatu: haki na namba

Katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, bila sharti la kusajili. ISBN ni jambo jingine kabisa: ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni, yenye tarakimu 13 tangu 2007, na kila umbo la kitabu huhitaji namba yake. Baadhi ya maduka hutoa namba ya bure, lakini kwa kawaida huwezi kuihamishia kwingine, kwa hiyo anayekusudia kuuza mahali pengi ajipatie yake.

Hatua ya nne: duka na bei

Hapa naomba mchukue kalamu. Kwenye Kindle Direct Publishing (KDP), huduma ya Amazon ya kujichapishia iliyoanza 2007, kitabu cha kielektroniki cha bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kupata mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa asilimia 70, kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa; nje ya hapo ni asilimia 35. Katika mpango wa asilimia 70 hukatwa pia gharama ya kufikisha faili, ambayo kwenye duka la Marekani ni senti 15 kwa kila megabaiti. Kitabu cha dola 4.99 chenye faili ya megabaiti mbili hukuachia takribani dola 3.28. Kitabu hichohicho ukikiuza kwa senti 99 hukuachia kama senti 35, yaani utahitaji kuuza nakala tisa hadi kumi ili upate cha nakala moja. Anayeshusha bei kwa hofu ya kukosa wasomaji aifanye hesabu hii kwanza.

Hatua ya tano: mahali pako mtandaoni

Mitandao ya kijamii ni nyumba ya kupanga: mwenye nyumba akibadili masharti, huna la kusema. Itumie kuwaita watu, lakini uwapeleke kwenye tovuti yako, ambako wataacha anwani zao za barua pepe kwa hiari ili wapate sura ya kwanza bure. Anza miezi sita kabla ya kitabu kutoka, na uandike barua moja kila mwezi yenye jambo la kusoma, si tangazo tupu. Kiungo cha kujiandikisha kiweke pia kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, kwa kuwa hakuna wakati msomaji anapokuwa karibu nawe kuliko pale anapomaliza sentensi yako ya mwisho.

Maswali ya wanachama

*Swali: Je, nikubali kuuza Amazon peke yake?*

Mpango wao wa KDP Select hukufunga kwa siku 90 kwa kitabu cha kielektroniki, nao hujirudia wenyewe usipouzima. Kitabu cha karatasi hakifungwi. Kwa anayeanza, kipindi kimoja cha majaribio si kibaya, mradi aandike tarehe ya mwisho mahali anapoiona.

*Swali: Naandika kwa Kiswahili. Nifanyeje ikiwa duka halipokei lugha yangu?*

Soma orodha ya lugha zao kabla ya kupakia chochote, na usijaze lugha nyingine kwenye fomu, kwa sababu kitabu kinaweza kuondolewa. Duka likikukatalia, uza faili ya EPUB kwenye tovuti yako. Hapo ndipo orodha ya anwani inapokufaa zaidi.

*Swali: Kampuni moja inataka nilipe ili inichapishie. Nikubali?*

Kulipia huduma si kosa. Mhariri na msanii pia unawalipa. Omba mkataba, uutafute mstari unaosema haki zinabaki kwa nani, na mwingine unaosema faili za jalada na kurasa utakabidhiwa lini. Usipoiona mistari hiyo miwili, usitie saini.