Simulation na Toolbox zimepotea kwenye SolidWorks? Usikimbilie kufuta programu

Wadau wa Mwanza mnaochora boti, matangi na mitambo ya viwanda vya samaki, hii yenu. Umefungua SolidWorks, programu ya kuchora 3D, asubuhi, Simulation (ya kupima uimara wa mchoro) hamna, Routing (ya mabomba na nyaya) hamna, Toolbox (maktaba ya bolti na nati) nayo imeyeyuka na jana tu ulikuwa nazo. Wa kwanza kumuuliza atakwambia futa uinstoli upya. Achana naye, utamaliza bando lote kudownload na shida utaikuta palepale, maana mara nyingi moduli ipo kwenye mashine, kilichocheza ni tiki au leseni. (Kama yako ni ya kukraki, hapa hatusaidiani.)

Anza na ndogo. Ingia Tools, kisha Add-Ins. Kila moduli ina kiboksi kushoto na kingine kulia, cha kushoto kinaiwasha sasa hivi, cha kulia kinafanya iwake kila ukifungua programu, sasa watu wanatiki cha kushoto tu afu kesho wanalia tena. Tiki vyote.

Ikigoma, cheki tarehe ya kompyuta. Desktop nyingi za mtumba kile kibetri cha kwenye mazabodi, CR2032, kimeshakufa, umeme ukikatika ukirudi mashine inasoma mwaka wa zamani huko, na leseni haielewani kabisa na tarehe iliyorudi nyuma. Badilisha kibetri, weka saa sawa, restati.

Kwa ofisi zenye leseni ya seva, yaani leseni zinazogawiwa na kompyuta moja ya ofisi, hapa ndo penye mchezo wenyewe. Seva inaweza kuwa na ngazi za leseni Standard, Professional na Premium kwa pamoja, na mashine yako inachukua ile iliyo juu kwenye orodha. Ikichukua Standard, Toolbox huioni na Routing ndo kabisa, hata kama bosi kalipia Premium. Fungua SolidNetWork License Manager Client (kiprogramu cha leseni kwenye mashine yako), tabu ya License Order, pandisha Premium juu, funga SolidWorks ufungue tena. Orodha ikiwa tupu basi hujaifikia seva: angalia Server List iandikwe 25734@ na jina la seva, na mtu wa IT asiwe amefunga poti 25734 au 25735 kwenye faya-woli.

Moduli isipoonekana hata kwenye Add-Ins, hapo kweli haikuinstoliwa. Control Panel, chagua SolidWorks, Change, afu Modify, uitiki kwenye orodha ya bidhaa. Hujafuta kitu hapo, unaongeza tu.

Na ukienda saiti Ukerewe au Sengerema ambako mtandao wa ofisi haufiki, azima leseni kabla hujatoka, tabu ya License Borrowing, mwisho siku 30. Azima Premium yenyewe, ukibeba Standard utafika kule huna Routing na seva iko mjini.