SOMO: Kuzalisha siklidi (samaki wa jamii ya perege) wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono, kwa maji ya bomba la Dodoma

Wakuu, naweka somo hili ili mtu akiniuliza tena "mbona ramirezi wangu (siklidi mdogo wa mapambo) hawatotoi" nimwelekeze hapa nikaendelee na shughuli zangu. Jibu fupi ni maji. Chungulia ndani ya birika lako la chai uone ule ukoko mweupe wa chini. Maji ya visima vya Makutupora, yanayotufikia bombani, ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, wakati ramirezi na ndugu zake Apistogramma asili yao ni Amerika Kusini, kwenye maji laini yenye asidi. Wataishi, watataga hata, kisha mayai yaote ukungu.

Kwa hiyo acha kugombana na bomba. Fuga samaki anayependa maji hayo hayo: multi, kwa jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, wa Ziwa Tanganyika, ambako pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, juu yake si asidi tena) inakaribia 9. Dume hufika sentimita 4 na kidogo, jike kama 3. Ni ndugu wa mbali wa perege tunaokula kutoka Mtera, ila huyu analala, anajificha na kuzaa ndani ya gamba tupu la konokono.

Hatua ya 1: Tangi. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linatosha, ni lita 54. Fundi vioo akikutengenezea, mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Liwe na mfuniko. Vumbi letu mnalijua.

Hatua ya 2: Mchanga. Laini, kina cha sentimita 5. Wa korongoni unafaa. Osha mpaka maji yatoke bila tope.

Hatua ya 3: Magamba. Walau mawili kwa kila samaki. Okota ya konokono waliokwisha kufa, chagua yenye urefu wa sentimita 4 au 5, chemsha, sugua, kisha nusa. Likinuka bado kuna nyama ndani, rudisha sufuriani. (Sufuria ya kazi hiyo iwe yake peke yake. Mwenye jiko asikulaumu mbele yangu.)

Hatua ya 4: Kukomaza maji. Someni hapa polepole, maana hapa ndipo samaki wa watu wanapofia. Chakula kilichobaki na kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaji na maji ya bomba. Wanajijenga taratibu kwenye sponji ya filta (chujio la tangi) na kwenye mchanga, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Washa pampu ya hewa, tia chembe za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na subiri mpaka kipimo kionyeshe amonia sifuri na nitriti sifuri. Maji kuwa maangavu si dalili ya chochote. Ukimpata mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu. Kitakupunguzia wiki kadhaa.

Maonyo mawili. Usioshe sponji bombani, klorini itaua bakteria wote na utaanza upya huku samaki wakiwa ndani. Ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Pili, maji mapya ya kubadilishia yakae kwenye ndoo wazi siku nzima, yakipigwa hewa ikiwezekana, klorini itoke.

Hatua ya 5: Samaki. Nunua 6 hadi 8 wakiwa wadogo. Watajigawa wenyewe nani anakaa gamba gani. Joto 25 au 26. Juni na Julai bila hita usijaribu.

Hatua ya 6: Kuzaa. Hapa huna kazi kubwa. Siku za kwanza watahamisha mchanga kwa midomo mpaka magamba yazame nusu, usiwapangie tena. Jike akianza kukaa mlangoni mwa gamba lake, akipepea mkia kusukuma maji ndani na kumfukuza kila anayesogea, kuna mayai. Baada ya wiki moja na ushee, zima taa ya sebuleni na umulike tochi pembeni: utaona vitoto kama punje za uwele vimetua kwenye mdomo wa gamba, vikirudi ndani ukitikisa kidole. Usivitoe, wakubwa huvivumilia. Vipe artemia (vidudu vidogo vya maji ya chumvi) waliototolewa karibuni, au chakula cha unga kilichosagwa sana.

---

Mdau, Area C: Mkuu, naweza kuwachanganya na goldifishi?

Jibu: Hapana.

Mdau, Nkuhungu: Wangu wamekufa wote siku ya tatu. Tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau, Nkuhungu: Nimeisoma mkuu, maji yalikuwa masafi kabisa.

Jibu: Tangi lilikaa muda gani kabla ya kuweka samaki?

Mdau, Nkuhungu: Siku mbili.

Jibu: Hatua ya 4, ndugu yangu. Ile aya sikuirefusha kwa kujifurahisha, yameshanikuta.

Mdau, Ilazo: Samahani kaka, mimi ni mgeni kwenye haya. Rafiki yangu Arusha aliweka samaki mapema na hawakufa. Kwa nini kwetu wafe?

Jibu: Dada, swali zuri sana. Amonia majini ipo kwa sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8.5 inafika kama asilimia 15. Huenda maji yake yana pH ya chini. Maji yanayompendeza multi ndiyo yanayoikaza sumu, kwa hiyo huku kwetu uvumilivu ni lazima.

Mdau, Ilazo: Nimekuelewa kaka. Na maji yakipungua kwa jua, naongeza tu?

Jibu: Kinachopungua ni maji, chumvi inabaki. Ukiongeza ya bomba miezi yote bila kubadilisha, chumvi inapanda. Badilisha kama robo kila wiki, na upungufu wa katikati ujazie maji ya mvua kama ulikinga.

Mdau, Kisasa: Yale ya zamani mimi namwagilia mchicha, unastawi balaa.

Jibu: Nitreti hiyo, ni mbolea.

Mdau, Nzuguni: Umeme ukikatika?

Jibu: Pampu ndogo ya betri. Sponji ikikaa saa nyingi bila hewa, bakteria wanakufa.

Mdau, Makulu: Nina shemeji Kigoma, anichotee samaki na magamba ziwani?

Jibu: Kwa samaki, aulize kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali. Magamba ayaache, kule ndiyo nyumba zao.

Mdau, Makulu: Sasa magamba nitoe wapi kiangazi hiki?

Mdau, Kisasa: Njoo kwenye mchicha wangu, chini ya ua yamejaa. Beba mfuko.