Kutoa mzigo wa meli bandarini Dar ukiwa Dodoma: hatua kwa hatua

Wanachama, somo hili ni kwa mlioagiza mashine ya kukamua alizeti, chupa za mvinyo, vipuri au vifaa vya ujenzi kwa meli, nanyi mko Dodoma, Kongwa, Manyoni au Singida. Wengi wetu tunadhani kazi ya forodha inaanza meli ikitia nanga. Inaanza kabla hujamlipa muuzaji. Na kinachowamaliza watu wa bara mara nyingi si kodi yenyewe, ni siku zinazopotea wakati mzigo umekaa Dar na karatasi moja bado inatafutwa.

Hatua ya 1: Kabla ya kutuma pesa

Hakikisha una TIN, kisha ujue bidhaa yako inaangukia msimbo gani wa HS (namba za kimataifa za kupanga bidhaa), maana msimbo ndio unaoamua ushuru. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35 (hicho cha 35 kilianza Julai 2022), na zipo bidhaa chache zenye viwango vyake. Mashine ya kukamua mafuta ya mbegu iko kwenye 8479.20, na mashine za uzalishaji za aina hiyo ziko kwenye kiwango cha sifuri. Lakini ankara ikiandikwa "vifaa vya chuma" tu, umemwachia ofisa akubunie msimbo. Mwambie muuzaji aandike jina la mashine, modeli, uwezo wake na kazi yake. Ukiwa na shaka, iandikie TRA kuomba uamuzi wa awali kuhusu msimbo. Utaratibu huo upo kisheria na ni wachache sana wanaoutumia.

Uliza pia vibali. Bidhaa nyingi zinatakiwa kukaguliwa huko huko zinakotoka chini ya utaratibu wa TBS, na cheti kitoke kabla ya kupakiwa melini. Mzigo ukishaondoka bila cheti, utakaguliwa hapa kwa gharama zaidi na kwa siku zako. Kibali cha dawa na vifaa tiba kinatolewa na TMDA, mamlaka ya dawa. Cha mbegu na mimea ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Bima ya mzigo ikatie kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, ndivyo sheria yetu ya bima inavyotaka.

Hatua ya 2: Nyaraka

Ankara ya mwisho, orodha ya vifungashio, hati ya shehena (BL), vibali, bima, na barua yako ya kumteua wakala. Jina lako kwenye BL lifanane herufi kwa herufi na la kwenye TIN. Kurekebisha jina baada ya meli kufika kunalipiwa, na kunakula siku. Mwombe muuzaji akutumie rasimu ya BL uisome kabla haijatolewa. Kama hati halisi itachelewa njiani, kubalianeni aisalimishe huko aliko ili kampuni ya meli ikukabidhi mzigo bila karatasi ile.

Hatua ya 3: Wakala

Tamko la forodha, yaani TANSAD, linaingizwa kwenye mfumo na wakala mwenye leseni ya TRA. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo omba kuona ya mwaka huu. Vishoka wapo wengi pale mjini, nao wana maneno matamu kuliko mawakala wenyewe. Ulinzi wako ni huu: kodi ilipe mwenyewe benki au kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotoka kwenye mfumo. Wakala mlipe ada yake tu, kwa risiti. Anayetaka kodi yote ipitie akaunti yake binafsi, achana naye siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kodi mapema

Ushuru unatozwa kwenye CIF, yaani bei ya bidhaa, nauli ya meli na bima kwa pamoja. Tuseme bidhaa ni shilingi milioni 16, nauli milioni 3.8 na bima laki 2. CIF ni milioni 20. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye milioni 20, inatozwa kwenye thamani iliyokwishaongezwa ushuru, kwa hiyo haiwezi kupungua milioni 4.5. Hapo kuna ada ya forodha ya asilimia 0.6 ya FOB (bei ya bidhaa bila nauli ya meli wala bima), ambayo ni shilingi 96,000, na tozo ya maendeleo ya reli. Mzigo wa milioni 16 umeshapita milioni 29, na hujagusa gharama za bandari, kampuni ya meli, wakala wala lori. Asiye na fedha hizo mkononi asiruhusu mzigo upakiwe.

Hatua ya 5: Siku

TRA inashauri nyaraka ziingizwe angalau siku 7 kabla ya meli kufika. Fuata hilo, kwa sababu meli ikishafika kuna hesabu tatu za siku zinazokwenda pamoja. Forodha inakupa siku 21, tangu meli ianze kushusha, kuwasilisha tamko. Bandari au bandari kavu ina siku zake za bure, kisha inatoza storeji. Kampuni ya meli nayo ina siku zake za bure za kontena, kisha demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, na hii huwa kwa dola. Watu wanazichanganya. Mtu anakwambia "bado niko ndani ya siku 21" kumbe storeji imeshaanza kuhesabu.

Tamko likiingia, mfumo unapima: mzigo mmoja unaachiwa kwa nyaraka, mwingine unapitishwa kwenye skana, mwingine unafunguliwa. Wa kwako ukifunguliwa, nenda mwenyewe. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, kushuka Dar si safari ya kuogopa tena, na mwenye mali ndiye anayeweza kumweleza ofisa mashine hii inafanya nini.

Hatua ya 6: Kuleta Dodoma

Ukishapata kibali cha forodha na DO, yaani hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu ukabidhiwe mzigo, lipia bandari, utoe. Hapa sisi wa bara tuna uamuzi wetu wa peke yetu. Ukilileta kontena mpaka Dodoma, ni kilomita 450 hivi kuja na 450 kulirudisha tupu, huku siku za kampuni ya meli zinahesabika. Kwa mzigo unaobebeka, mimi nashauri ulifungulie Dar na kuuhamishia kwenye lori. Mashine nzito au vioo, acha ndani ya kontena na umlipe mwenye lori kwenda na kurudi kwa makubaliano ya maandishi. Dereva awe na nakala za TANSAD na kibali cha kutolea mzigo.

Maswali ya wanachama

*Kibaigwa: Shikamoo mwalimu. Muuzaji anasema ataniandikia bei ndogo kwenye ankara nipate nafuu ya kodi. Nikubali?*

Marahaba. Usikubali, mwanangu. Kuwasilisha ankara ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Tena mashine ikizama, bima inaangalia bei hiyo hiyo ndogo.

*Singida: Bei yangu ni ya kweli lakini thamani imepandishwa. Nifanyeje?*

Njia ya kwanza ya kuthamini kisheria ni bei uliyolipa kweli. Peleka uthibitisho wa benki, mkataba na barua pepe zenu. Pinga kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi utoke. Nao wana siku 30 za kukujibu. Usiporidhika, nenda Bodi ya Rufani za Kodi. Wakati huo omba mzigo utolewe kwa dhamana, usiuache ulale.

*Hombolo: Tunaagiza chupa za mvinyo kutoka Afrika Kusini. Kuna nafuu?*

Ipo, kama chupa zimetengenezwa ndani ya nchi za SADC na muuzaji akakupa cheti cha uasilia cha SADC. Mdai kabla hajapakia. Chupa za China zilizopitia Durban hazihesabiki.

*Manyoni: Matairi yaliyotumika ya gari dogo?*

Yamepigwa marufuku kuingia. Usiagize.

*Mpwapwa: Nimechangia kontena na wenzangu wanne, mmoja hajalipa kodi. Tutakwama sote?*

Inategemea hati zenu, dada. Kama mkusanyaji, yaani aliyeunganisha mizigo yenu kwenye kontena moja, alimpa kila mtu BL yake, kontena hufunguliwa bandari kavu na kila mmoja anatoa wake kwa TANSAD yake. Kama BL ni moja kwa jina la mtu mmoja, tamko ni moja, na mzigo wote unamsubiri huyo. Mpigie mkusanyaji leo umuulize ni ipi, na kama ni moja, changieni mlipe kwanza halafu mdaiane huku Mpwapwa.