Kengele ya joto jikoni: kuifunga kwenye umeme wa nyumba na kuijaribu

Jikoni panapokaangwa samaki na vitumbua, kengele ya moshi haidumu. Italia leo, italia kesho, keshokutwa mtu atapanda stuli aichomoe betri. Kengele ya joto haishtuliwi na moshi wa kikaango wala mvuke wa wali; hulia hewa ya chini ya dari ikifika takriban nyuzi 58 za selisiasi. Mahali pake ni jikoni, na gereji pia. Usiifunge chumbani wala kwenye korido, maana moshi humfikia aliyelala muda mrefu kabla ya joto, na huko panatakiwa kengele ya moshi. Vilevile haitambui gesi inayovuja wala kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa. Kila hatari kati ya hizo ina kifaa chake.

Nyumba ya kawaida ya vyumba 3 inahitaji angalau kengele 3 zilizounganishwa kwa waya: ya joto jikoni, ya moshi sebuleni, na ya moshi kwenye korido ya vyumba vya kulala. Moto ukianza jikoni saa nane usiku na milango imefungwa, mlio wa jikoni peke yake huenda usimwamshe mtu. Zikiunganishwa, moja ikilia zote hulia.

Kuunganisha nyaya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Hata hivyo mwenye nyumba ajue cha kukagua.

Mahali pa kuifunga

Ifunge darini, karibu na katikati ya chumba cha jikoni, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani na kutoka kwenye taa. Pasiwe na sehemu ya chumba iliyo mbali nayo zaidi ya mita 5.3. Jiko la mita 4 kwa 3 lina mita 2.5 tu kutoka katikati hadi kwenye kona, hivyo moja inatosha. Usiiweke juu kabisa ya jiko la kupikia au oveni, wala karibu na pangaboi au mdomo wa kiyoyozi, kwa sababu upepo hulisukuma joto pembeni na kengele ikachelewa.

Jiko lisilo na dari ni tatizo kubwa zaidi. Bati chini ya jua la mchana huchemka kiasi cha kuifanya kengele ilie bure, na vifaa vingi havikutengenezwa kukaa kwenye hewa inayozidi nyuzi 40 siku zote. Weka dari kwanza.

Vifaa

Nunua kengele za volti 230 zenye betri ya akiba, zote za kampuni moja na za aina ambazo maelezo yake yanasema zinaunganishika. Ukichanganya kampuni, waya wa mawasiliano, ule unaozifanya zilie pamoja, unaweza kuziunguza. Panapokatika umeme mara kwa mara, au LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku, chagua yenye betri ya lithiamu inayojichaji. Betri ya kawaida ya volti 9 huisha upesi katika mazingira hayo.

Nyaya ni za milimita mraba 1.5, nne katika kila paipu kati ya kengele na kengele: laivu (unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha), ethi (wa ardhini) na waya wa mawasiliano. Huu wa nne upewe rangi yake, kwa mfano mweupe, usifanane na mwingine wowote. Kamwe usitumie waya wa kijani na njano kwa kazi hiyo.

Kuunganisha

Zima breka, hakikisha kwa testa kwamba laivu imekufa. Chukua umeme kutoka sakiti ya taa zinazotumika kila siku, kabla ya swichi: breka ikianguka, giza litakujulisha. Kengele zote ziwe kwenye breka hiyo hiyo.

Funga besi (kitako cha kengele) kwa skrubu, pitisha nyaya, kisha laivu iende L, nyutro N, na waya wa mawasiliano kwenye kibano chake. Kengele nyingi hazihitaji ethi. Ifunge kwenye kibano cha pembeni, isining'inie. Kosa linaloharibu kengele nyingi ni kugeuza laivu na nyutro kwenye besi moja. Waya wa mawasiliano hutegemea nyutro, hivyo kengele moja iliyogeuzwa inaweza kuua nyingine zote.

Kama fundi atapima nyaya kwa mega (kifaa cha kupima kama zinavujisha umeme) ya volti 500, apime kabla kengele hazijabandikwa. Acha kifuniko cha vumbi hadi rangi na usafi wa nyumba viishe, kisha kitoe.

Kujaribu

Washa breka. Taa ya kijani iwake kwenye kila kengele. Bonyeza kitufe cha kujaribu cha ile ya jikoni kwa sekunde 10 huku mtu mwingine akisimama koridoni: zote zilie. Rudia kwa kila kengele. Ikilia moja tu, waya wa mawasiliano umekatika au umefungwa kibano kisicho chake.

Sasa zima breka. Taa ya kijani izimike, kisha bonyeza tena. Jaribio hili wengi huliruka, ilhali ndilo linaloonyesha kama betri ipo na imeingia sawasawa. Betri ya lithiamu ikiwa mpya huenda ikahitaji kuchajiwa kwanza, soma maelezo yake.

Usijaribu kwa kiberiti wala mshumaa, utayeyusha plastiki.

Baada ya hapo bonyeza kitufe kila wiki, na kila miezi 6 pitisha brashi ya mashine ya kufyonza vumbi kwenye matundu, kwani mafuta ya kukaangia hukamata vumbi. Usiipake rangi. Ikitoa mlio mfupi takriban kila dakika, betri imechoka au umeme haufiki: tazama taa ya kijani kwanza, kisha betri. Tarehe ya kubadilisha imeandikwa ubavuni, kwa kawaida miaka 10 tangu itengenezwe. Ikifika, toa kengele nzima hata kama bado inalia vizuri.